Nimepunguzwa tumbo India, wiki ya pili hii: kula kumenishinda na nyumbani sieleweki. Naombeni ushauri

Binti Marangu
Habari za jioni wakuu. Mnisamehe kama naandika hovyo, nimejilaza. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 38, naishi Kimara. Nilifika kilo 131, sukari imeanza kupanda, magoti ndo usiseme, diet zote nimepita mpaka ile ya maji na ndimu. Nikaenda India na mdogo wangu nikafanyiwa ile operesheni ya matundu, wanaukata mfuko wa chakula kinabaki kipande chembamba kama ndizi. Vidonda vinakauka vizuri tu, shida ni haya mengine.

Kwanza kunywa. Nimeambiwa lita moja na nusu kwa siku, mimi hata nusu lita sifikishi, nikiharakisha kidogo kifua kinabana hapa katikati mate yanajaa mdomoni. Kikombe kimoja cha supu nakizungusha lisaa lizima.

Pili, njaa sina kabisa ila hamu ninayo ya ajabu. Jana dada wa kazi kakaanga sato nikatoka nje kulia. Mtu mzima, nalia kwa ajili ya sato!! Nikabaki najiuliza hivi nimejifanyia nini.

Tatu mama mkwe. Tumemwambia ni operesheni ya ngiri, ukweli anaujua mume wangu na mdogo wangu basi. Kashuka kutoka Moshi kuja kuniuguza, ananipenda jamani sina la kusema, ila ananilea kama mzazi. Kila asubuhi mtori wa nyama umepondwa, siagi juu, na anakaa pembeni ya kitanda mpaka aone bakuli linaisha. Nikisema nimeshiba ananuna. Juzi nilikula kumridhisha ukarudi wote.

Kigimbi cha mguu wa kushoto nacho kinauma tangu tushuke kwenye ndege, nadhani ni kukaa sana, hicho kidogo.

Chuma Chakavu
Si ungekimbia tu asubuhi mama, kilo zinaisha bure. Wabongo tunapenda njia ya mkato.

Mama Tumaini wa Buza
Chuma kama huna cha kumsaidia pita kushoto.

Nesi wa Zamu
Binti Marangu, mtori utasubiri. Kigimbi kimoja tu ndo kinauma? Kimevimba au kina joto kuliko mwenzie? Umetoka kwenye operesheni, uzito ni mkubwa, hunywi maji ya kutosha, halafu ukapanda ndege masaa yote hayo. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kikikatika kinakimbilia kwenye mapafu. Usichue, usikande. Nenda LEO hospitali yenye ultrasound, na ukibanwa pumzi au kifua kikichoma hiyo ni dharura. Na daktari usimwambie ngiri tafadhali, mwambie ulichofanyiwa.

Binti Marangu
Kimoja tu. Sijui kama kimevimba ila soksi inabana upande huo. Umenitisha dada. Mume wangu anarudi saa tatu usiku.

Nesi wa Zamu
Usimsubiri. Panda hata bajaji.

Mama Tumaini wa Buza
Nenda mdogo wangu, haya utasoma ukirudi. Mimi nilifanyiwa hiyo hiyo. Kunywa usipime kwa glasi utakata tamaa, chukua kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto, jaza mpaka mstari wa mil 30, maliza kwa dakika 10 hivi, pumzika, jaza tena, kutwa nzima mpaka unalala, weka alamu kwenye simu. Mwingine maji ya baridi yanamkataa ya uvuguvugu yanapita, jaribu yote. Dafu sawa kidogo kidogo, supu ya kuku ichujwe mafuta, soda na mrija hapana. Ukianza vya kusaga hesabu yako iwe protini, wengi tunaambiwa gramu 60 kwenda juu kwa siku: mtindi usio na sukari, maharage yaliyosagwa, samaki, yai laini. Usile na kunywa kwa pamoja, acha nusu saa.

Hilo la sato mimi nililia chapati. Sehemu waliyokata ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo njaa imeondoka ila kichwa bado kinadai haki yake, miaka yote hiyo nikiudhika nilikuwa nakula, sasa unaudhika unaenda wapi? Nilikuwa natoka natembea mpaka kwa mangi narudi. Ilipungua, sikudanganyi kwamba iliisha. Mzani nao kwenye wiki ya tatu hivi unaweza kugoma, usihangaike nao. Nywele zikianza kung'oka mwezi wa tatu au wa nne usikimbilie kwa mganga, kwa wengi zinarudi.

Mjomba wa Himo
Mama wa Kichaga umkatalie mtori?? Hapo unamwambia hafai. Mpe kazi: mama naomba nichujie ule mchuzi tu, nyama yake ipikwe mpaka ilegee. Na anayetakiwa kuongea naye ni mwanae, sio wewe.

Kitenge Kipya
Mimi naona mwambieni ukweli. Kilo zikianza kuporomoka mtaa mzima utasema una ngoma, bora mama awe upande wako.

Binti Marangu
Wakuu nimerudi, tulilala huko. Ultrasound imepita mguu wote, damu haijaganda, asante Mungu. Ila wamenikuta nimekauka maji vibaya, mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi, nimewekewa dripu na vitamini B1 kwa sababu ya kutapika. Nilikuwa na mafua nikataka kuomba diclofenac ya kichwa daktari akaruka, kasema hizo zinachubua tumbo nisiziguse.

Sasa sikieni. Aliyenipeleka kwenye bajaji ni mama mkwe. Daktari kauliza operesheni ya nini, mama yuko pale pale kashika mkoba wangu, ikabidi niseme. Kimya. Halafu akamuuliza daktari, "Sasa kimebaki kiasi gani?" Daktari akamwonyesha kwa vidole. Mama akasema "Yesu wangu, na mimi namjazia bakuli." Leo kachuja mchuzi kwa kile kichujio cha chai, mara mbili. Mume wangu ndo kapewa yake, hajasemeshwa mpaka sasa hivi.

Swali, vidonge vya vitamini ni vikubwa havipiti, nifanyeje?

Nesi wa Zamu
Afadhali kwenda ukaambiwa hakuna kitu. Kigimbi kikizidi rudi, na ukiona homa, maumivu ya tumbo yanaongezeka au moyo unakimbia zaidi ya 120 umekaa tu, nenda usiku huo huo, pale walipokushona panaweza kuvuja. Tembea kidogo kidogo ndani kila saa. Vitamini omba za kutafuna au za maji, muulize daktari wako, maana ni za maisha. Ukipewa madini ya chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, achanisha masaa mawili.

Chuma Chakavu
Pole dada, kumbe ni shughuli. Mke wangu ana 118, naomba kuja PM.