Mbezi Beach: niunge bomba la majitaka au nichimbe shimo jipya?

Nyumba_ya_Kona: Wakuu, habari za jioni. Bomba la majitaka limepita mtaani kwetu na majirani wameanza kuomba kuunganishwa. Shimo langu la mwaka 2011 siku hizi linajaa upesi. Niunge, au nichimbe jipya? Kuna anayenishawishi niweke baiodaijesta, lile tangi lenye wadudu wanaokula uchafu. Nataka niamue kabla ya masika.

FundiChemba: Ndugu, hujatupa pa kushika. Choo chako kiko juu au chini ya bomba la barabarani? Hadi kwenye chemba ya bomba hilo, yaani lile shimo lenye mfuniko la kukagulia, ni mita ngapi? Ukichimba, maji unayakuta futi ya ngapi?

Mama_Wawili: Na kisima je, unacho uani?

Mzee_wa_Goba: Vijana mnapenda bili. Shimo la vyumba viwili lililojengwa vizuri, na shimo la kunyonya pembeni la kuzamisha maji ardhini, linakaa miaka. Ukiunga, uniti zilezile za maji safi ndizo zinazokupigia hesabu ya majitaka.

Mama_Wawili: Shikamoo mzee. Goba kwenu ni mlimani, maji yanazama. Huku bondeni, masika shimo linajaa maji ya ardhini kabla hatujaoga. Mwaka jana niliita gari la kunyonya mara tatu kati ya Machi na Mei. Linaondoka leo, baada ya siku tatu shimo limejaa tena.

Kijani_Tegeta: Weka baiodaijesta. Mwaka wa tatu huu sijaita gari. Ila usimwage klorini chooni, unaua wale wadudu wanaokula uchafu.

Mama_Wawili: Na maji yanayotoka humo yanakwenda wapi? Si shimo la kunyonya lilelile, kwenye udongo uleule uliojaa maji?

Salasala_2: Naomba niseme yaliyonikuta. Nilipanga nyumba Upanga, imeunganishwa na bomba. Jirani akaelekeza maji ya bati lake kwenye chemba ya majitaka. Usiku wa mvua kubwa, kama saa tisa, nikasikia bafuni kunagugumia. Nawasha taa, maji meusi yanapanda kwenye tundu la bafu, yamebeba nywele na mapovu ya sabuni. Tukaziba mlango kwa mataulo, yakapita. Mwanangu mdogo alikuwa amelala chini, godoro likalowa hadi katikati. Asubuhi fundi akafunua chemba, imejaa mpaka mdomoni. Sakafu ya bafu letu ilikuwa chini ya mfuniko wa chemba ya barabarani kama shubiri moja, basi maji yalipokosa njia yakatokea kwetu. Siku nne tulikaa kwa shemeji. Mpaka leo mvua ikinyesha usiku naamka kuangalia bafuni.

FundiChemba: Pole sana dada. Ndiyo maana niliuliza usawa. Nyumba iliyo chini iwekewe valvu ya kuzuia maji yasirudi, na bomba la inchi 4 lishuke sentimita 10 kila mita 4. Maji ya bati yaende mtaroni au kwenye simtanki, kamwe yasiingie kwenye chemba ya majitaka.

Mzee_wa_Goba: Mtaro upi? Umejaa mchanga na chupa. Tena kuna watu mvua ikianza tu wanatapisha vyoo, uchafu unateremka mbele ya watoto wanaokwenda shule. Halafu kipindupindu kikija tunashangaa.

Kijani_Tegeta: Mzee, wengine hawana hela ya gari, na mtaa wao gari halipiti.

Mzee_wa_Goba: Hela ya gari hana, ya hospitali atakuwa nayo?

Nyumba_ya_Kona: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Kiwanja ni mita 20 kwa 25. Kisima kipo, hatua kama 15 kutoka shimoni. Maji yake yana chumvi, tunafulia na kuoshea vyombo. Usawa sijapima.

Mama_Wawili: Hatua 15! Inatakiwa angalau mita 30. Kaka, vyombo acheni leo hii. Mimi ningeunga.

FundiChemba: Pima kwanza. Chukua mpira unaoonyesha maji, ujaze, utoe hewa yote. Ncha moja shika kwenye mfuniko wa chemba, nyingine bafuni. Maji yakitulia, usawa ni mmoja pande zote mbili. Weka alama ukutani uone sakafu iko wapi.

Nyumba_ya_Kona: Mpira ninao. Jumamosi napima na kijana wangu.

Salasala_2: Na jirani wa juu yako, maji ya bati lake yanaingia wapi?

Pwani_Kigamboni: Wakuu, sisi huku bomba halijafika na maji tunayakuta futi ya nne. Tuinue choo au tufanyeje?