Tupeane uzoefu: kompyuta imezeeka, uliiongezea nguvu au ulisubiri?

Wakuu salaam. Nina kompyuta ya mezani, prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8 za aina ya DDR3 na diski ngumu ile ile iliyokuja nayo. Kazi zangu ni mahesabu, kuhariri picha kidogo na kivinjari chenye tabo nyingi. Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila ninayemuuliza ananiambia "tupa hiyo". Maneno ya wauzaji nimeshayasikia. Nataka ya waliokuwa njia panda kama mimi: mliamuaje, na ikawaje?

Mzee wa Kebo
Yangu ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajikokota. Kabla ya kununua chochote nikafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kipi kinaelemewa), nikaiacha wazi huku nafanya kazi zangu za kawaida. Prosesa imepumzika, RAM bado ina nafasi, diski imegota asilimia 100 muda wote. Nikaweka SSD (diski ya chipu) ya SATA, ile ya kuunga kwa kebo, basi. Diski ngumu ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachohama huku na huko kutafuta data, kwa hiyo faili ndogo ndogo ndizo zinazoitoa jasho. SSD haina kinachozunguka. Naitumia mashine hiyo hadi leo. Ila usishawishike na NVMe (SSD ya kasi zaidi) kwa mashine ya umri wa yako, madabodi (ubao mkuu wa mashine) nyingi za wakati ule hazina pa kuichomeka, na nyingi kati ya zenye nafasi hiyo hazikubali kuwasha mfumo kutoka humo.

Kizibo
Niliuza, nikanunua nyingine. Sijuti.

Dada Pikseli
@Kizibo, na diski uliiuza nayo?

Kizibo
Hapana, nilibaki nayo. Mafaili yangu mtu ayafukue ya nini!

Dada Pikseli
Afadhali. Mimi ni wa upande wa kusubiri, tena kwa kulazimika: RAM ya laptopu yangu imechomelewa kwenye madabodi. Nikampa fundi, akatoa vumbi kwenye feni na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na sisi tunasema imezeeka. Ikapata uhai tena. Lakini wanaosema "subiri, vifaa hushuka bei" wawe na akiba ya maneno. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya, kwa sababu viwanda vya chipu vinakimbilia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Niliyokuwa naivizia ya mashine ya mezani ikanipita hivi hivi naiangalia.

Fundi wa Usiku
Swali langu huwa moja: hiki kifaa kitahamia kwenye mashine ijayo, au kitazikwa na hii?

Nilianza na prosesa ya AMD, Ryzen 5 1600 ya 2017, kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4. Miaka ikapita, nikasasisha BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha mashine) prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani (huo mpangilio usiugeuze), kisha nikachomeka Ryzen 7 5800X3D ya 2022. Madabodi ile ile, RAM ile ile. Mimi kusubiri kulinilipa kwa sababu soketi ilikuwa bado ina safari.

Mkuu mwanzisha mada, soketi yako ni LGA 1150. Mbele yake pamefungwa: utapata i7 ya kizazi hicho hicho, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kuendelea, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). DDR3 nayo haiingii kwenye mashine za leo. SSD ya SATA itahama nawe.

Bi Pengwini
Mimi niliweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) kwenye mashine ya umri huo huo. Kivinjari, barua, video, safi kabisa. Programu yangu ya mahesabu ndiyo ilikataa katakata, nikamwachia mdogo wangu mashine. Kama yako nayo ni ya Windows tu, Microsoft imeweka nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe.

Mwanzisha mada
Asanteni. Nimefungua Task Manager: diski 100, RAM inacheza kwenye GB 6. Basi SSD naweka, RAM siigusi, nyongeza najiandikisha, mashine nyingine baadaye. Sasa, ninakili diski nzima au nisimike mfumo upya?

Mzee wa Kebo
Kwanza pima afya ya hiyo diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikikuandikia "Caution" (tahadhari), usihangaike kunakili diski nzima. Okoa mafaili yako kwanza, usiku huu huu, kisha usimike upya kwenye SSD.