Naomba ushauri: nitumie maktaba ipi kusimamia voliyumu za LVM?

Wakuu habari zenu. Naandika programu ya Python ya kuunda, kupanua na kufuta voliyumu za LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski) kwenye seva ya Linux. Zamani kulikuwa na liblvm2app, maktaba ya C ya LVM yenyewe, ila iliondolewa kuanzia toleo la 2.03 mwaka 2018. Maelezo mengi mtandaoni bado yanaielekeza kana kwamba ipo, yanapoteza watu bure.

Kwa sasa naita amri za LVM moja kwa moja, mfano hii ya kuorodhesha voliyumu:

lvs --reportformat json --units b

Kusoma hakunisumbui. Shida iko kwenye makosa. lvextend (amri ya kupanua voliyumu) ikigoma, narudishiwa namba ya kosa 5 na sentensi ya Kiingereza, halafu programu ibahatishe yenyewe: nafasi imeisha kwenye kundi la voliyumu, au jina limekosewa? Kuchambua sentensi ambayo toleo lijalo linaweza kuibadilisha ni kujitafutia balaa.

Nimeangalia libblockdev, ile maktaba inayotumiwa na UDisks (huduma ya Linux ya kusimamia diski), lakini kwa ndani nayo inaita amri zilezile. lvmdbusd, huduma ya LVM yenyewe, inanivutia zaidi kwa sababu inatoa taarifa kupitia D-Bus (njia ya programu za Linux kuwasiliana) voliyumu zikibadilika. libvirt, maktaba ya kusimamia mashine pepe, naiona nzito, maana sina mashine pepe hata moja.

Aliyewahi kuitumia lvmdbusd maombi yakija mengi kwa pamoja, inahimili? Na libblockdev inatofautisha aina za makosa, au nayo inarusha sentensi ileile tu?