Huyu profesa William Scarborough mbona hatumsikii?

Mchimba_Historia: Wakuu habari za jioni. Nimekutana na stori ya William Sanders Scarborough, Mmarekani mweusi, kazaliwa mtumwa Macon, Georgia mwaka 1852 halafu akaja kuwa profesa wa Kigiriki cha kale na Kilatini. Sasa swali langu, mtu umetoka utumwani, ndugu zako hawana ardhi hawana hela, unaachaje ufundi unaenda kukomaa na lugha za watu waliokufa zamani? Anayemjua anieleweshe.

Bint_Pwani: Mkuu ufundi alikuwa nao, utotoni alifundishwa kushona viatu. Kusoma ndio alijifunza kwa kujificha maana Georgia ilikuwa kosa kisheria kumfundisha mtumwa. Halafu angalia walichokuwa wanasema wakati ule, inasimuliwa mwanasiasa John Calhoun alisema akipatikana mweusi anayejua sarufi ya Kigiriki ndio ataamini naye ni binadamu. Jamaa 1881 akatoa First Lessons in Greek, kitabu cha shule kabisa, unaanza na alfabeti, unabanwa na vitenzi na mazoezi mpaka uweze kumsoma Xenophon mwenyewe, yule mwandishi wa Ugiriki ya kale.

Mbishi wa Kudumu: Calhoun kafa 1850, sasa hapo kajibiwa nani? Na hao wasomi wenzake je? Chama chao cha wataalamu wa Kigiriki na Kilatini yeye kaingia 1882, mwaka 1909 mkutano ukapangwa Baltimore, hoteli ikagoma kuwahudumia dina kama na yeye atakuwepo, basi wenzake wakamwambia asije. Na hapo tayari ni rais wa chuo kikuu cha Wilberforce, Ohio! Kigiriki chote kile hakikumpatia hata kiti mezani.

Bint_Pwani: Aibu hiyo ni ya waliomwambia asije, sio ya Kigiriki.

mwl_mstaafu: Vijana mnamfanya kama alisoma ili kushindana na wazungu tu. Mtu anayekaa kuandika makala kuhusu irabu za vitenzi vya Kigiriki huyo anaipenda kazi, hakuna namna nyingine. Na swali la mleta mada walilibishania wao wenyewe enzi hizo, Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Wamarekani weusi, alisisitiza ufundi kwanza, Scarborough akasema ufundi sawa ila msiwafungie watoto wetu mlango wa elimu ya juu. Ilimgharimu pia, 1892 akapoteza nafasi yake ya uprofesa Wilberforce mpaka 1897 ndio akarudi, kipindi hicho nyumba ikategemea sana mshahara wa mkewe Sarah, naye mwalimu. Huyo mama ndio hatajwi kabisa.

Mchimba_Historia: Dah, hapo kwa mama sikupajua. Kuna sehemu naweza kumsoma zaidi?

mwl_mstaafu: Aliandika maisha yake mwenyewe ila kafa 1926 hayajachapwa, yametoka 2005 baada ya Michele Valerie Ronnick kuyahariri. Na hicho cha Kigiriki kimechapwa upya, ukikipata jaribu mazoezi ya mwanzo uje utupe mrejesho.