Meyosisi: 46 ikigawanywa mara mbili si inabaki 11 na nusu?

FomuThri_Kisumu
Wadau hamjambo. Hii meyosisi, yaani vile seli inagawanyika kutengeneza mayai na mbegu za baba, imenikesha siku mbili. Tunaambiwa seli inagawanyika mara mbili, zinatoka nne. Sawa. Lakini mtu ana kromosomu 46 kwa kila seli, zile nyuzi zinazobeba urithi, gawanya mara moja ni 23, gawanya tena si inakuwa 11 na nusu? Na kitabu kinasema yai lina 23. Nisaidieni tafadhali, mtihani ni Jumatatu.

MwalimuBayo_Nakuru
Swali zuri sana mwanangu, wengi huogopa kuliuliza. Umeruka kile kinatokea kabla. Seli hutoa kopi ya kila kromosomu, na hiyo kopi haiendi mbali, inabaki imeshikana na mwenzake, ndio maana kwa mchoro unaona X. Bado tunahesabu 46 lakini kila moja ni pacha. Kopi mara moja, kugawanya mara mbili.

Tafuta uzi wa kufuma, nyekundu ni ya babako, bluu ni ya mamako. Kata nyekundu mbili zilizo sawa uzifunge pamoja katikati, bluu pia hivyo hivyo, halafu laza hizo X mbili kando kando mezani. Usikimbilie kuzitenganisha! Kata ncha ya nyekundu moja na ncha ya bluu moja, uzibadilishe, ufunge tena. Kromosomu hufanya hivyo kweli, na kwangu hapo ndipo patamu kuliko pote, maana uzi unaotoka hapo si wa baba mtupu wala wa mama mtupu, na hiyo ni sababu moja ndugu wa tumbo moja hawafanani. Sasa mgawanyiko wa kwanza, X moja huku, ingine kule, fundo usiliguse: 23 kila upande, bado pacha. Wa pili ndio unafungua fundo. Pacha wanaachana, kila seli inabaki na 23.

FomuThri_Kisumu
Kumbe ni fundo! Nimefanya na uzi wa dadangu imeingia kabisa, asante sana mwalimu. Na mbona mama hatoi mayai manne?

MwalimuBayo_Nakuru
Mbegu za baba ndizo hutoka nne. Kwa mama seli moja inabeba karibu chakula chote, hiyo ndiyo yai, zingine ni vitone tu vinakufa. Na mtoto wa kike huzaliwa hiyo kazi ikiwa imeanza, imesimama ndani ya mgawanyiko wa kwanza. Wa pili humalizika mbegu ya baba ikiingia.

MamaMigomba_Kisii
Mwalimu samahani naingilia, nalima ndizi. Niliambiwa hazina mbegu juu ya hizi kromosomu, ni kweli?

MwalimuBayo_Nakuru
Karibu mama. Ni sababu kubwa. Ndizi nyingi tunazolima zina 33, yaani seti tatu za 11. Zikitaka kujipanga wawili wawili, wa tatu anakosa mwenzake na kugawana kunavurugika, ndio maana unapanda machipukizi. Menya moja uikate katikati, vile vidoa vyeusi ni mbegu ambazo hazikukua.