Nani kawadanganya mimba changa haichoshi?? Nimechoka kuambiwa nadeka

Jamani naandika nikiwa na hasira na leo simuombi mtu radhi. Niko wiki ya 9, mimba ya kwanza, na kama kuna neno sitaki kulisikia tena ni "unadeka". Kaniambia wifi, kaniambia bosi, na juzi kaniambia nesi kabisa, mtu aliyesomea.

Nilipima wiki ya 5, mistari miwili, mimi na mume wangu tukafurahi mpaka tukalia. Siku sita tu. Kichefuchefu kikaingia na mpaka leo hakijatoka. Eti ugonjwa wa asubuhi, asubuhi gani?? Natapika asubuhi, mchana, saa nane usiku naamka mate yamejaa mdomoni, mtu akikaanga kitunguu nyumba ya pili mi nainamia ndoo. Sabuni niliyoogea miaka yote saa hizi inaninukia kama kitu kimeoza. Na usingizi ndo usiseme, nakaa nivae viatu nakuja kushtuka nusu saa imepita kiatu kimoja bado nimekishika.

Af mtu anakuangalia tumboni anakwambia mbona hata hujaonekana, ukifika miezi 8 utafanyaje. Hivi tumbo ndo kipimo? Mtoto saa hizi ana kama sentimita 2 na kitu, ila moyo wake tuliuona unapiga kwenye ultrasaundi wiki ya 7. Ubongo na uti wa mgongo vinaanza kutengenezwa wengine hata hawajajua kama wana mimba, ndo maana wanasisitiza ile vitamini ya foliki asidi mikrogramu 400 kila siku hata kabla hujashika. Kondo la nyuma linajengwa toka sifuri, homoni zinapanda, yote hayo ndani yangu, we unasubiri tumbo.

Kinachoniuma zaidi ni hili la kunyamaza. Usiseme mpaka wiki 12 zipite, kwa sababu mimba nyingi zinazoharibika zinaharibikia humo. Sawa, huo woga naujua, kila nikienda chooni naangalia kama kuna damu, na chooni naenda sana. Lakini ina maana wiki ngumu kuliko zote unazibeba peke yako, kazini unadanganya una vidonda vya tumbo, na ikitoka, Mungu apishie mbali, unalia kimya vilevile maana hakuna aliyejua. Na wakijua wataanza oo alibeba nini kizito, wakati mara nyingi ni kromosomu, zile zinazobeba vinasaba vya mtoto, hazikukaa sawa tangu mwanzo, mama wa watu hajakosea chochote!

Sasa huyo nesi. Nilienda siku nzima hata maji hayakai tumboni, mkojo umekoza umekuwa rangi ya chai, nimepungua kilo 4. Hakupima mkojo, hakunipandisha kwenye mzani, akaniambia mimba si ugonjwa dada, punguza kudeka, rudi wiki ya 12. Nikaondoka kwa aibu, ndo kinachonikera mpaka sasa, kwamba niliona aibu MIMI. Usiku nikaanguka bafuni. Mume wangu akanipeleka kwingine, wakapima mkojo wakakuta ketoni, yaani mwili umekosa chakula unaunguza mafuta yake, nikatundikiwa dripu mbili na dawa ya kuzuia kutapika, kumbe zipo zinazofaa kwa mjamzito. Daktari akasema hii inaitwa haipaemesisi, yaani kutapika kupita kiasi kwenye mimba, na watu wanalazwa kwa ajili yake. Kumbe ina jina, na mtu wa kwanza alikuwa na kila kitu cha kuijua pale mezani kwake.

Dada uliye wiki ya 6, ya 7, maji hayakai, mkojo umekoza, ukisimama unaona giza, nenda hospitali na usitoke humo ndani mpaka wapime mkojo. Na kama ni maumivu makali upande mmoja wa tumbo au damu inatoka, usisubiri hata kukuche.

Wifi kapiga leo asubuhi, anauliza kama Jumamosi naenda kusaidia kupika. Simu nimempa mume wangu amjibu yeye.