Je, anayeamshwa mara kwa mara usiku huota zaidi?

Mlezi wa Usiku anauliza:
Tangu nijifungue, mtoto huniamsha mara tatu au nne kila usiku, na karibu kila ninapoamka huwa nimetoka katikati ya ndoto ambayo naikumbuka hadi rangi za nguo za watu niliowaona. Zamani nililala fofofo hadi asubuhi na sikukumbuka chochote. Je, ni ndoto zilizoongezeka, au ni kumbukumbu tu?

Bundi:
Hongera kwa mtoto, na pole kwa mkesha. Kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu. Ndoto zilizo wazi hutokea zaidi katika ule usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, ulioelezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman kule Chicago, nao hurudi takribani kila baada ya dakika 90, huku kila awamu ikizidi kurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Ubongo uliolala ni mzito wa kuhifadhi mambo mapya, kwa hiyo ndoto isiyokatizwa hupita bila kuacha alama, ilhali anayeamshwa katikati yake huikuta ingali mbichi. Zamani uliota vilevile, ila hapakuwa na shahidi.

Saa Nane:
Naafiki, lakini nisingesema ni kumbukumbu peke yake. Mtu anayekatiziwa usingizi huo kwa siku kadhaa hulimbikiza deni, na apatapo nafasi ya kulala vizuri huuingia mapema na kudumu humo kwa muda mrefu zaidi, jambo linaloweza kuleta ndoto kali na hata jinamizi. Hali kama hiyo huwapata wanaoacha pombe ghafla baada ya kuizoea, kwa sababu pombe huubana usingizi huo. Tena, si kila kuamka kunakookoa ndoto: anayefumbua macho kwa sekunde chache kisha akasinzia tena husahau hata kwamba aliamka. Wewe unakaa macho ukinyonyesha, na nadhani dakika hizo ndizo zinazoipa ndoto nafasi ya kukaa.

Mlezi wa Usiku:
Ahsanteni. Hilo la mwisho linanikumbusha juzi, taa ilipowashwa ghafla nikaanza kutafuta nepi, na ndoto ikayeyuka kabla sijafika mlangoni. Ninaponyonyesha gizani bila kusema neno, naikumbuka hadi jioni yake.